Hiari ya Rubani, Shuruti ya Dereva

Sisi wa Kabuchai aghalabu huziona ndege zikipita juu ya mashamba yetu ya mahindi. Safari zetu ni za basi. Hata hivyo, kuna jambo moja katika sheria za anga ambalo nadhani linamhusu kila mzazi, mwalimu na mwanafunzi anayepanda gari Chwele, Bungoma au Kitale kuelekea Nairobi usiku.

Majuma machache yaliyopita nilikuwa miongoni mwa abiria wa namna hiyo. Basi liliposimama Nakuru, nilimkuta dereva akijimwagia maji baridi usoni. Nikamuuliza, "Ndugu dereva, umelala lini?" Akanijibu kwa adabu kwamba alikuwa ametoka Nairobi asubuhi ya siku hiyo hiyo, akapata muda wa kula Bungoma, kisha akakabidhiwa abiria wa kurudi. "Mwalimu," akasema, "nikikataa, wapo wenzangu kumi wanaoungoja usukani huu."

Sheria ya Trafiki ya Kenya haimruhusu dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kutoka Bungoma hadi Nairobi ni kama kilomita 400, na safari moja tu yatosha kuzimaliza saa hizo. Anayekwenda na kurudi pasipo kulala amekwisha kuivunja sheria kabla hata ya kufika Eldoret.

Rubani naye amewekewa mpaka. Katika nchi za Ulaya, kwa mfano, marubani wawili wanaoanza kazi wakati ufaao hawapaswi kuzidisha saa 13 za zamu, na wanaoanza usiku wa manane hupunguziwa. Lakini waliotunga kanuni hizo walijua kwamba ukungu hutanda na abiria huugua, kwa hiyo wakampa rubani mkuu hiari ya kuongeza hadi saa 2. Marekani nako, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2014 zina ruhusa kama hiyo.

Hiari hiyo ina masharti, na hapo ndipo penye somo. Jambo lililochelewesha safari sharti liwe halikutarajiwa. Mwenye kampuni hawezi kupanga ratiba mbovu kisha aiite dharura. Rubani mkuu sharti awaulize wenzake wanajionaje. Akiongeza muda, huandika taarifa. Nyongeza ikipita saa moja, taarifa hiyo hupelekwa kwa wakuu wa usafiri wa anga katika muda wa siku 28. Na akisema, "Leo siendi," haifai aadhibiwe.

Sidai kwamba karatasi huleta usingizi. Mnamo Mei 22, 2010, ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai ilianguka Mangalore, India, na watu 158 wakafa. Wachunguzi walibainisha kwamba rubani mkuu alikuwa amelala sehemu kubwa ya safari, na mikoromo yake ilinaswa katika kinasa sauti. Usingizi hauogopi cheo wala ujuzi.

Kwetu, usiku wa Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Sisemi kwamba uchovu ndio uliosababisha ajali ile. Nasema tu kwamba serikali ilijibu kwa kupiga marufuku mabasi ya usiku, kana kwamba giza ndilo lililokuwa likishika usukani. Marufuku iliondolewa baadaye, na swali la nani anayehesabu saa za dereva likabaki pale pale.

Rubani ana mpaka, na ana uwezo wa kukataa. Dereva wetu amepewa mpaka pekee. Anayeamua kama safari iendelee ni mwenye gari, ambaye wakati huo yumkini amelala nyumbani kwake, na hakuna maandishi yoyote yanayobaki kuonyesha kwamba aliamua. Mabasi yangelazimishwa kubeba daftari la saa za dereva, likaguliwe vizuizini, na atakayemfuta kazi dereva aliyekataa kuzidisha saa 8 ashtakiwe yeye, mambo yangebadilika upesi kuliko kwa marufuku kumi.

Walimu wenzangu wanaokodi mabasi ya tamasha za muziki na michezo hawana haja ya kuisubiri serikali. Kabla ya kulipa malipo ya mwisho, na waulize dereva alilala wapi na saa ngapi, waandike jibu hilo, naye atie sahihi.

Dereva wetu alitufikisha Nairobi salama saa kumi na mbili asubuhi. Nilipokuwa nikishusha mzigo wangu, nilimsikia kondakta wake akiita abiria wa Bungoma.