Fundi wa Vikapu Alipwe kama Mwalimu

Mkondo wa amali ulianza katika shule za sekondari Januari 2024. Vyema. Lakini huko Tarime na Serengeti, ususi utafundishwa na nani? Mwanafunzi wa usanifu aweza kuchora kikapu kizuri kwa penseli. Ila kukwangua jani la mkonge, kuosha nyuzi, kuzianika na kuzisokota pajani hadi zishikane, hayo yamo mikononi mwa akina mama wa vijijini. Hao hupigwa picha, wakashukuriwa, basi!

Hatuna budi kuwalipa posho ya ualimu, na mitindo yao isichukuliwe bure. Maofisa elimu wa wilaya hizo mbili waanze kwa kuorodhesha majina ya mafundi hao kabla ya muhula ujao, maana wengi wao ni wazee.