Kwa Masahibu Wanaoshangaa Mtu Kulala Nyikani

Masahibu zangu wa barazani hapa Tanga, watu ambao kwa miaka mingi tumeshirikiana kahawa, habari na misiba, wana swali moja wasilochoka kuniuliza kila wanaponiona nikifunga mzigo wa turubai, sufuria, kamba na panga: ni kitu gani nilichokikosa katika nyumba yenye paa, kitanda na maji ya bomba, hata nikakifuate porini, nikarudi na moshi katika nguo na miiba katika miguu? Swali hili haliulizwi kwa ubaya. Ndani yake mna huruma ya ndugu, mna hofu ya nyoka na chui, na mna dhana, ambayo hasa ndiyo niliyokusudia kuijibu leo, kwamba wazee wetu walipambana na pori kizazi baada ya kizazi ili watoto wao waepukane nalo, na kwamba mtu anayerudi huko kwa hiari yake ama anaidharau kazi ya wazee hao, ama anaiga mchezo wa Wazungu walioshiba raha.

Naipinga dhana hiyo kwa moyo wangu wote. Kulala nyikani kwa maarifa, mtu akajua pa kulaza ubavu, kuni za kuwashia moto, maji ya kunywa na njia ya kurudi, ni elimu tuliyokuwa nayo kabla hajaja mgeni yeyote kutuonyesha hema, na lau tutaiacha ife kwa kuionea haya, tutakuwa tumetupa urithi kwa mikono yetu wenyewe.

Tazameni mfano ulio karibu nasi. Wavuvi wa Kojani, kisiwa kidogo kilichopo mashariki ya Pemba, tangu zamani huenda dago: hufuata samaki kwa misimu, wakavuka bahari mpaka Mafia, mpaka pwani hii yetu, mpaka Kenya, wakapiga kambi ufukweni, wakajenga vibanda vya makuti, wakatafuta maji na kuni, wakaanika samaki juani, na kukaa hapo mpaka msimu ugeuke. Sijapata kumsikia mtu barazani akisema kwamba Mkojani aliye dagoni anaiga Wazungu. Kadhalika vijana wa jando la zamani walitolewa majumbani wakapelekwa kumbini, nje ya mji, wakakaa huko wakifunzwa mambo ambayo wazee waliona hayafundishiki chini ya paa la mama. Na misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji, ingawa sisahau kwamba mingi katika hiyo ilibeba dhuluma, maana watumwa walipita njia zile zile zilizopita pembe, ilijenga kila jioni mji mpya: mizigo ikatuliwa, boma la miiba likazungushwa, mafiga yakapangwa, na kabla ya jua kupanda mji ule ulikuwa umekwisha kuhama.

Katika habari zote za njia zile, iliyo kubwa machoni pangu ni ya Abdullah Susi na James Chuma. David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, mwezi wa Mei 1873, watu hawa wawili na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, kisha wakauchukua kwa miguu zaidi ya kilometa 1,500, kati ya maradhi, mabwawa na vijiji vilivyowakatalia njia, hata wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Dunia imejaza vitabu kwa sifa za aliyebebwa. Mimi taadhima yangu naiweka kwa waliobeba. Kila usiku katika miezi ile palikuwa na mtu aliyechagua pa kulala, na mtu aliyekoka moto, na mtu aliyeonja maji akasema haya yanafaa na haya hayafai, na wote hao walikuwa watu wa nchi hizi. Hata uskauti, ambao wengi huuhesabu kuwa ni kitu cha Uingereza kitupu, una deni kwa Afrika: mwanzilishi wake, Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alijifunza mengi katika bara hili, na vijiti vya shanga wanavyovaa viongozi wa skauti ulimwenguni asili yake ni mkufu alioutwaa katika nchi ya Wazulu.

Basi elimu yenyewe ni ipi? Sina budi kuieleza kwa kitendo kimoja, maana ukiitaja kwa jumla huonekana kuwa ni kitu chepesi. Aliyenifundisha kupekecha moto ni mzee mmoja wa Handeni, mrina asali, mtu wa maneno machache. Alikata kijiti kikavu cha mkole, kilichonyooka, unene wa kidole, kiwe ulindi. Akachonga kipande bapa cha mti laini, kiwe ulimbombo, akakitia kishimo karibu na ukingo, na ubavuni mwa kishimo akakata njia ndogo ili unga upate pa kumwagikia. Chini yake akatandika jani kavu. Kisha akapiga magoti, akakanyaga ulimbombo kwa unyayo, akaanza kupekecha kwa viganja viwili vilivyoshuka taratibu kutoka juu ya kijiti mpaka chini, vikarudi juu upesi kabla joto halijapotea. Unga wa kwanza hutoka na rangi ya kahawia, nao hauna kitu. Mwendo ukizidi na mkandamizo ukizidi, unga hugeuka mweusi, moshi ukawa mzito, na ukiinua kijiti ukaona moshi bado wapanda kutoka katika unga wenyewe, fahamu kwamba kaa limezaliwa, nalo ni dogo kuliko punje ya mtama. Hapo ndipo wengi hulipoteza kwa pupa. Mzee aliliacha kwanza lishikane, akaliinua pamoja na jani lake, akalitia ndani ya nyasi alizokuwa amezifikicha mpaka zikalainika, akazikunja juu yake na kulipulizia pumzi ndefu za upole, hata moshi ukajaa mikononi mwake na mwali ukaruka.

Kiberiti kilikuwamo mfukoni mwangu wakati wote huo, na masahibu zangu huniambia kwamba hapo ndipo hoja yangu inapovunjika, kwa kuwa kazi ile yote ingalimalizwa kwa njiti moja. Jawabu langu ni kwamba njiti humpa mtu moto, lakini haimpi miti. Tangu siku ile sipiti penye kichaka bila ya kutaka kujua jina la kila mti, uzito wake, kama wawaka ungali mbichi, kama gome lake latoa kamba, na kama moshi wake una madhara. Nikajua kwamba mnyaa, ambao utomvu wake ukiingia machoni huweza kumpofusha mtu, hautiwi motoni hata kuni zikiadimika, na kwamba upupu hautambuliwi kwa mkono. Nchi niliyokuwa nikiipita katika basi kutoka Segera hadi Mombo, nikaiona ni manyasi na miti tu, imekuwa kwangu nchi yenye majina.

Kuhusu hatari, sizikanushi; ila naona kwamba hofu ya masahibu zangu imeelekezwa mahali pasipo pake. Wao humwogopa simba, ilhali mimi namwogopa mbu, kwa sababu mbu wa malaria huuma usiku, naye yuko kila mahali, kwa hiyo chandarua hutangulia katika mzigo wangu kabla ya panga. Naliogopa banda bovu lililohamwa kuliko ninavyouogopa uwanja mtupu, kwa kuwa katika nyufa za sakafu zake za udongo hukaa papasi, mwenye kuleta homa yake inayokwenda na kurudi. Naliogopa korongo kavu lenye mchanga mweupe laini, ambao mgeni huuona kuwa godoro aliloandaliwa, maana mvua ikinyesha milimani, mahali ambapo huioni wala huisikii, maji huteremka usiku na kumkuta mtu usingizini. Njia ya wanyama hailaliwi, na ukingo wa mto wenye viboko haulaliwi, kwa sababu mnyama huyo hushinda majini na kutoka usiku kwenda kula majani. Kabla ya kufunga turubai mtu huangalia juu, asije akalala chini ya tawi lililokufa. Maji huchemshwa yakatokota dakika moja kamili, na penye mwinuko wa zaidi ya meta 2,000 dakika tatu, kwa kuwa huko juu hutokota kabla hayajapata joto la kutosha. Na viatu hukung'utwa asubuhi kwa ajili ya nge. Haya yote hayadai ushujaa. Yadai uangalifu, na uangalifu hufundishika.

Kuna hofu nyingine isiyosemwa wazi barazani, nayo ni ya sauti. Usiku wa kwanza katika msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, mtu wa mjini husikia katika giza mkwaruzo, kisha mlio, kisha mayowe yanayopanda ngazi kwa ngazi mpaka damu ikasita mwilini, akaamini kwamba ama mtu anachinjwa ama shetani ametoka pangoni. Huyo ni perere, mnyama mdogo apandaye miti, kimo chake si zaidi ya sungura, anayetangaza mipaka yake. Nimemwona kijana mmoja, niliyekwenda naye, akitetemeka kwa mayowe hayo, na baada ya kuelezwa akakaa macho kwa hiari yake akiyasubiri tena, akihesabu wangapi wanajibizana upande wa bonde. Sijui darasa jingine lolote linalomgeuza mtu upesi namna hiyo kutoka katika khofu kuingia katika mahaba ya kujua. Na mawingu yakiondoka, hapo juu kipo Kilimia, ambacho wakulima wa pwani walikitazama kwa ajili ya majira ya mvua na kilimo, na ambacho watoto wetu wa mjini, kwa wingi wa taa, hawajapata kuonyeshwa hata na babu zao.

Nisieleweke kwamba namsifu kila aingiaye porini. Wapo wanaokwenda huko na redio, makreti na kelele, wakakata mti mbichi ili wapate kigingi, wakaacha chupa na mifuko, na wakaondoka moto ukiwa bado unafuka chini ya majivu. Watu hao siwahesabu kuwa wenzangu. Oktoba 2020 nchi nzima iliona moto ukila mbuga na vichaka vya Kilimanjaro kwa siku nyingi, wanavijiji, askari wa hifadhi na wanafunzi wakipanda kuuzima kwa matawi, na aliyeona picha zile hana udhuru tena wa kuuacha moto wake bila ya kuumwagia maji, kuukoroga, na kuugusa kwa mkono mpaka uwe baridi. Aidha pori la nchi hii si la bure. Katika hifadhi za taifa hulaliwa mahali palipopangwa, kwa kibali na malipo. Misitu ya hifadhi ina wenye kuisimamia, nao huombwa ruhusa. Na ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Mimi hupita kwanza kwa mwenyekiti, nikajitambulisha, nikaeleza nia yangu na siku ya kuondoka, na aghalabu sirudi na ruhusa peke yake: hurudi na mtu wa kunionyesha kisima, na habari za tembo waliopita juzi, ambazo hakuna ramani itakayonipa.

Wale wazee wanaojua habari hizo wanapungua, na hili ndilo linalonikera kuliko kejeli zote za barazani. Mrina asali wangu wa Handeni ana wajukuu, nao ni vijana wazuri, wenye simu na bidii ya biashara, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba ulindi. Walioshika jembe na bunduki katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, tangu lilipoasisiwa mwaka 1963, walilala chini ya miti wakijenga mashamba na barabara, na wengi wao leo ni watu wazima wenye mvi ambao hawajaulizwa na watoto wao jinsi walivyojisitiri mvua. Walimu wa shule zilizo karibu na misitu wanaweza kuwaalika wazee hao kwa gharama ya nauli na chakula cha mchana. Viongozi wa skauti wanaweza kuyaandika majina ya miti kama yanavyosemwa na wenyeji, kwa Kisambaa na Kizigua, kabla wasemaji hawajatutoka. Na kila mzazi anaweza, japo mara moja katika likizo, kumpa mtoto wake moto wa kuukoka kwa mikono yake mwenyewe na usiku wa kuusikiliza.

Masahibu zangu, siwaombi mwache vitanda vyenu, wala mimi sikuacha changu. Nawaomba mje mara moja mwone, kisha mnihukumu kwa insafu. Julai hii, inshallah, nitapanda Magamba, kibali chetu kikiwa mkononi. Atakayefuatana nami na apitie kwangu kabla ya mwisho wa Juni tuhesabiane nauli, na aje na chandarua, kisu, na mablanketi mawili, kwani baridi ya Lushoto mwezi ule haistahimiliwi kwa blanketi moja.