Kompyuta ya Nyumbani Nayo ni Lindo

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuuhudumia mfumo wake wa Windows 10, uliokuwa ukitumika tangu Julai 2015. Habari hiyo haikupigiwa ngoma hapa Bujumbura. Asubuhi ya tarehe 15 mashine ziliwaka kama zilivyowaka jana yake, na ndiyo maana wengi walioisikia waliipuuza. Nia yetu leo ni kuwaomba ndugu zetu wa jeshi na wa polisi wasiipuuze.

Mfumo endeshi ni programu ile kuu iamrishayo mashine yote. Ndiyo ipokeayo maagizo ya mwenye mashine, na ndiyo iamuayo nani aingie na nani azuiwe. Mtengenezaji anapouhudumia hupeleka kila mwezi marekebisho ya kuziba matundu yaliyogunduliwa. Akiacha, matundu mapya yatazidi kugunduliwa vile vile, ila hayatazibwa. Askari hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Ukuta wa kambi hauanguki siku mwashi alipoachishwa kazi, lakini kila tofali lidondokalo baada ya siku hiyo huacha nafasi wazi.

Aonaye kwamba tunatia chumvi na akumbuke Mei 2017. Siku ya tarehe 12 ya mwezi huo kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kuenea, na kwa siku chache kikawa kimeingia nchi zaidi ya 150. Kilizifunga faili za watu na kudai dola 300 ili zifunguliwe. Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu, na Ufaransa baadhi ya viwanda vya Renault vilisimama. La kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwapo. Marekebisho ya tundu lile yalikuwa yametolewa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakuyaweka, pamoja na wale waliokuwa wangali na mifumo iliyokwisha kuachwa.

Wako watakaosema: mimi si waziri wala si benki, nani atahangaika na kompyuta yangu? Kirusi kile hakikumchagua mtu kwa cheo. Na tusidanganyane kuhusu yaliyomo katika mashine ya askari. Kazi ya serikali haifai kukaa nyumbani, sote twajua; hata hivyo mara ngapi ripoti imemaliziwa mezani pa chakula kwa sababu umeme ulikatika kituoni? Tangu Desemba 2007 vijana wetu walitumika Somalia kwa zamu, wakarudi na picha za wenzao, za magari na za kambi. Picha hizo ni kumbukumbu njema kwa familia. Mikononi mwa mtu mwingine huwa kitu kingine kabisa.

Hapa sina budi kumtetea mwenye mashine. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa kompyuta zenye prosesa za Intel haizipokei, kwa kawaida, zilizo chini ya kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta nyingi za mjini kwetu zilifika zikiwa zimekwisha tumika Ulaya au Dubai. Ni nzima, zinaandika na kuhesabu barabara, nazo zimehukumiwa kustaafu kabla ya wakati. Mwaka mmoja wa nyongeza ulitolewa kwa wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026, lakini hiyo ni ahirisho tu. Kumwambia koplo anunue mashine nyingine kwa mshahara wake ni kumfanyia mzaha.

Kwa hiyo wengi hukimbilia nakala za mitaani. Mimi mwenyewe niliwahi kuponzwa na urahisi huo. Fundi mmoja alinibadilishia mfumo kwa faranga chache, kwa flashi aliyokuwa akiichomeka katika mashine ya kila mteja. Baada ya wiki tatu anwani yangu ya barua pepe ilikuwa ikiwatumia matangazo ya mikopo watu nisiowajua. Nakala isiyojulikana imetoka wapi ni mgeni aliyevaa sare: kwa kuwa kavaa sare, hakuna amwulizaye kitambulisho.

Mwenye mashine iwezayo Windows 11 na aipandishe kwa njia halali. Kwa mashine iliyokataliwa, mimi napendekeza Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland. Haununuliwi, unazungumza Kifaransa, na aina yake iitwayo Linux Mint hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Asiyeuamini na awatazame askari wenzake: Jandarma ya Ufaransa ilianza kuhamia huko mwaka 2008, na leo makumi ya maelfu ya kompyuta zake hutumia mfumo huo. Ni kweli kwamba baadhi ya programu zilizozoeleka hazifanyi kazi humo, na wiki ya kwanza mtu hutafuta vitufe kama aliyehamia nyumba mpya usiku.

Kabla ya yote, nakili picha na barua zako katika diski ya nje. Jaza betri kabisa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi mashine yaweza kukataa kuwaka tena. Asiyeweza kubadilisha lolote kwa sasa na aiondoe mashine yake katika intaneti, aitumie kwa kuandika tu.

Inabaki gharama ya kuupakua mfumo wenyewe, nayo si ndogo kwa mwenye kifurushi cha simu. Linux Mint ni karibu gigabaiti 3. Lakini leseni yake inaruhusu kunakiliwa: mmoja akiipakua kwenye tovuti ya wenyewe na kuihakiki, wenzake wote wa kambi wanaweza kuichukua kwake. Watu hamsini hawahitaji vifurushi hamsini.