MOTO KWANZA, PETROLI BAADAYE!



Liko jambo ambalo limetuchosha sisi wafanyakazi wa karakana tukaao hapa Satellite, na leo twalisema wazi, hata kama baadhi ya wenzetu watanuna.

Mwajua wote kwamba mzee wa reli akimaliza kazi, na kama kwao ni ziwani, fedha yake ya kustaafu huenda kwenye mtumbwi na injini ya kufunga nyuma. Mpya haiwezi. Basi hushuka Grogan, yaani Kirinyaga Road, akanunua Johnson au Evinrude kuukuu, akamtafuta fundi aitengeneze kabla haijapandishwa basi kwenda Homa Bay au Mbita. Fundi huyo mara nyingi ni mmoja wetu, mwenye kadi ya chama hiki, afanyaye kazi ya mkono siku ya Jumamosi ili apate karo ya watoto. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba wengi wetu tuna dawa moja tu kwa kila ugonjwa: bisibisi kwenye skrubu ya kabureta. Injini ikikataa kuwaka, kabureta. Ikikohoa, kabureta. Ikila petroli nyingi, kaza skrubu, pokea fedha, kwaheri mzee.

Mwaka jana mzee mmoja, aliyekuwa gadi miaka mingi, alitengenezewa injini namna hiyo. Ilikuwa ikinywa petroli kama ng'ombe anywavyo maji, basi fundi akaikaza. Ndani ya pipa, hapa hapa mtaani, ililia vizuri na mzee akafurahi. Alipokuwa mbali na ufuo pamoja na wanawe wawili, injini ikapata joto, pistoni ikashika silinda, kimya. Upepo wa jioni ukaanza. Walipiga kasia kwa mbao za kukalia mpaka usiku, wakafika hai. Injini ilirudishwa kwetu ndani ya gunia. Tulipoivua flaiwili tulikuta pointi za silinda ya chini zimekaribiana hata karatasi haipiti. Moto ulikuwa ukichelewa siku zote. Je, petroli ilikuwa na kosa gani hata ikapunguzwa?

Tufafanue, maana wako watakaosema twapiga kelele bure. Pointi zikikaribiana mno, hufunguka kwa kuchelewa, na moto huchelewa. Moto ukichelewa, injini hukosa nguvu, hupata joto, na mwenyewe huongeza petroli ili apate mwendo ule ule. Kwa nje aonacho ni ulaji wa petroli tu. Fundi mvivu akikaza skrubu, ameongeza hatari ya pili juu ya ile ya kwanza, kwa sababu injini hizi hazina oili ya peke yake. Oili huja ndani ya petroli. Ukiinyima petroli umeinyima na oili, na pistoni huungua. Johnson na Evinrude nyingi za miaka ya 1950 zilitakiwa sehemu 1 ya oili kwa 24 za petroli, na bado wako watu wanaozichanganyia 1 kwa 50 kwa kuwa wamesikia injini za siku hizi zapewa hivyo!

Sisi wa reli twapaswa kuwa watu wa mwisho kufanya mchezo huu. Nendeni mkalitazame lile garimoshi la Mount Gelai pale makumbusho ya reli. Waliolitunza hawakuongeza mafuta kabla ya kujua kama valvu zafungua kwa wakati wake. Mbona injini ya mzee wetu tuipime kwa sikio?

Kazi ya kweli yaanzia juu, chini ya flaiwili. Kwanza tazama ule ufunguo mdogo wa chuma unaoishika flaiwili kwenye shafti. Ukiwa umekatika hata kidogo, alama zote ni uwongo. Kisha safisha pointi, uzipime kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia: sehemu 20 katika 1,000 za inchi, yaani nusu milimita hivi, na zote mbili ziwe sawa. Halafu liko jambo ambalo mafundi wengi hulipita kabisa. Katika injini hizi, ukizungusha kipini cha mwendo, bamba la magneto huzunguka nacho na moto huja mapema zaidi. Kwenye bamba hilo imefungwa kamu, nayo ndiyo isukumayo mkono wa kufungua mlango wa kabureta. Kamu ina alama. Mlango sharti uanze kufunguka pale alama inapokutana na rola. Ukifunguka kabla, chakula kimefika na moto bado, injini huzama. Ukichelewa, moto umetangulia na chakula hakuna.

Hayo yakiisha, ndipo bisibisi. Injini iwe majini, maana bila maji mpira wa pampu huungua upesi, tena iwe imepata joto na inasukuma maji kwa propela. Zile zenye skrubu mbili, anza na ya kasi. Kaza kidogo, ngoja injini ijibu, kaza tena. Ikianza kutema kupitia kabureta, umefika ukingoni. Legeza mpaka itulie, kisha ongeza kidogo kwa usalama. Ndipo uje kwenye skrubu ya mwendo wa polepole. Aharakishaye hapa hajui kazi.

Wako wasemao ati vipimo hivi ni siri ya kazi, ukimfundisha mwingine umejinyang'anya ugali. Twauliza: wewe ulizaliwa na fila mkononi? Wengine wetu tulitoka shule ya misheni na hesabu za kugawanya tu, tukafundishwa karakanani na wazee ambao leo ndio twawaharibia injini. Wengine wasema injini kuukuu ni takataka, anunue mpya. Kwa fedha ya nani? Kampuni ya BRP iliacha kuunda Evinrude mwaka 2020. Pistoni ikiungua leo, mzee hana kiwanda cha kuandikia barua. Atarudi Grogan kutafuta injini nyingine iliyokufa aing'oe pistoni yake.

Kwa hiyo twaleta mambo mawili mbele ya mkutano wa tawi, na twataka yajibiwe kwa kura. Kwanza, tawi linunue fila mbili na taa ya kupimia pointi, ziwekwe mahali ambapo mwanachama yeyote aweza kuziazima kwa kutia sahihi. Pili, kila mwanachama atengenezaye injini ya mwenzake ampe karatasi iliyoandikwa nafasi ya pointi, hali ya ufunguo wa flaiwili, alama ya kamu, na skrubu zilifunguliwa mizunguko mingapi. Asiyetaka kuandika, atuambie mkutanoni anaficha nini.

Pipa tunalo, na maji tutachota wenyewe. Injini ya yule gadi imekwisha kupata pistoni nyingine, nasi tutaiwasha mbele ya kila mtu Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, saa nane mchana. Wale mnaokaza skrubu, njoni na bisibisi zenu.

Sisi, wafanyakazi wa karakana, Satellite.