Tusiuziwe Hofu kwa Jina la Bwana

Wapo vijana wetu wa Lumuma ambao bei ya vitunguu ikianguka huenda Chunya na Geita kuchenjua dhahabu. Huko hushika zebaki kwa mikono mitupu na kuvuta mvuke wake inapochomwa. Mmoja akirudi akitetemeka mikono, ndugu huogopa sumu. Hofu hiyo ni halali, kwa maana mvuke wa zebaki hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu.

Sisi tunapinga biashara inayofuata. Muuzaji humshikisha mgonjwa kifaa mkononi, dakika chache kinatoa orodha ya metali nzito, kisha anauza dawa ya kusafisha damu na kuisindikiza kwa maombi. Damu haikupimwa, mkojo haukupimwa. Kumfanya Mungu shahidi wa kipimo kama hicho ni kuivunja Amri ya Pili.

Watatujibu kwamba hata hospitali zina dawa za kutoa metali mwilini. Ndiyo, zipo, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini hutolewa kwa kipimo. Kwa mtoto mwenye sumu ya madini ya risasi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilielekeza dawa itolewe damu ikifikia mikrogramu 45 kwa desilita. Ikitolewa vibaya, huua: Marekani, mwaka 2005, watoto wawili walikufa baada ya kupewa aina isiyofaa, iliyowapunguzia kalsiamu hadi moyo ukasimama.

Tena, dawa haifai kitu chanzo kikibaki. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi liliua watoto zaidi ya 400. Madaktari Wasio na Mipaka walitaka udongo wa vijiji usafishwe kwanza, mtoto asitibiwe na kurudi kwenye sumu ileile.

Marko hafichi kwamba mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 alimaliza mali yake yote kwa waganga, na hali ikazidi kuwa mbaya. Kanisa lisiwe mlango wa kuwamaliza wengine.

Basi, wapendwa, mtoeni mgonjwa kwenye zebaki. Mpelekeni hospitali na mwambieni daktari kazi aliyoifanya. Apimwe kabla ya dawa yoyote, kwani dawa hizo huongeza metali kwenye mkojo na kupotosha majibu. Kisha tuchange nauli. Anayechangia nauli ya mgonjwa naye anaomba.