Eti Nikabuni Bembea! Baba Mdogo, Nisikilize Kwanza

Nimepotea kidogo hapa, ila leo nina dukuduku, acheni nilitoe.

Wikiendi nilikuwa nyumbani Makambako. Tumekaa jikoni tunaota moto (nyie wa Dar baridi ya kwetu hamuijui), baba mdogo akaniuliza, ukimaliza huo uinjinia unataka kufanya nini hasa? Nikasema ukweli: nataka kubuni rolakosta. Kimya. Nikaeleza, vile vigari vinavyovutwa hadi juu ya kilima cha chuma halafu vinaachiwa, watu wanapiga makelele. Jamani, mzee alicheka mpaka machozi. "Yaani Serikali ikukopeshe miaka minne uje utengeneze bembea?"

Mama hakucheka. Aliuliza tu, "Na hiyo kazi iko wapi mwanangu?" Hapo ndipo paliponiuma, maana viazi vya mama ndivyo vilivyonifikisha hapa chuoni.

Nianze na baba mdogo kwa sababu jibu lake ninalo. Huyu huyu hachoki kuisifia TAZARA. Kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Wachina na ndugu zetu walianza kuijenga mwaka 1970. Kipande cha Mlimba hadi kwetu Makambako ndicho kilichowatesa kuliko vyote: mahandaki, madaraja, kupanda kutoka bonde la Kilombero mpaka huku juu. Daraja la Mpanga limesimama kwenye nguzo za mita 50 hivi.

Sasa chukua mita 50 hizo hizo. Achia kigari kutoka juu, sahau msuguano, kinafika chini na kasi ya kilomita 113 hivi kwa saa. Ajae mnene au mwembamba, fomula ya sekondari inaufuta uzito pande zote mbili. Mpaka hapo rahisi. Kazi ni kumfikisha huyo mtu chini akiwa na shingo yake.

Mwaka 1895 kule Coney Island, New York, walijenga rolakosta iitwayo Flip Flap yenye kitanzi cha duara kamili. Watu wakashuka wameumia shingo. Unajua kwa nini? Ulikuwa kwenye njia iliyonyooka, ghafla uko ndani ya duara. Hata kigari kikiwa na ile kasi ndogo kabisa ya kutosha kupita juu bila kuanguka, pale chini abiria anahisi uzito wake mara 6. Hebu jipige hesabu uone.

Dawa walikuwa nayo watu wa reli. Wao wanajua treni haiingizwi kwenye kona ghafla, unaweka kwanza kipande kinachojikunja kidogo kidogo. Mkunjo huo unaitwa klothoidi. Mwaka 1976 Mjerumani Werner Stengel aliutumia kwenye kitanzi cha Revolution, kule California. Ndiyo maana vitanzi vya siku hizi vina umbo la tone la maji. Kwa hiyo baba mdogo, reli unayoisifia na bembea unayoicheka zimezaliwa tumbo moja!

Kwa mama nina nusu jibu tu. Sitamdanganya, hapa kwetu hiyo kazi haipo. Wanaounda rolakosta kubwa ni wachache: Bolliger & Mabillard Uswisi, Mack Rides Ujerumani, Vekoma Uholanzi. Wateja wengine wako Ghuba. Formula Rossa ya Abu Dhabi ilipofunguliwa mwaka 2010 ilikuwa ya kasi kuliko zote duniani, kilomita 240 kwa saa. Huko kote hawachukui mtu mwenye ndoto, wanachukua injinia. Kwa hiyo njia yangu ni ile ile ya wenzangu: madaraja, winchi, reli, kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Nisipofika Uswisi, nitakuwa injinia wa kawaida na maisha yataenda. Ninachokikataa ni kuanza na "soko liko wapi" kabla hujajua unapenda nini. Darasani kwetu zaidi ya nusu wamechagua projekti kwa mtindo huo na wanasinzia nayo.

Yangu inaamuliwa Ijumaa. Nimeomba kubuni reli ndogo ya kushushia magogo ya paini kutoka milimani Njombe, yashuke kwa uzito wake, bila mafuta. Msimamizi hajasema neno. (Msimwambie, ila mwaka 1827 kule Mauch Chunk, Pennsylvania, walifungua reli ya kushusha makaa ya mawe hivyo hivyo, na baadaye watu wakawa wanalipa nauli waipande kwa raha tu.) Akikataa, nitaandika kuhusu boriti za zege kama wengine.

Jana nimemtumia mama picha ya mchoro. Akapiga simu saa hiyo hiyo: "Nimeuona. Breki ziko wapi?"

Sikuwa nimezichora. Ngoja niwahi maktaba.