Cagliari ya kisiwani ilibeba ubingwa wa Italia. Timu za Pemba zinakwama wapi?

Ukitaka kumchokoza shabiki wa mpira wa Wete au Chake Chake, muulize swali moja tu: mbona kombe la Ligi Kuu ya Zanzibar halipandi boti kuja Pemba?

Orodha inajieleza. Tangu 2013 mabingwa wamekuwa KMKM, Mafunzo, Zimamoto, JKU na Mlandege. Wote hao nyumbani kwao ni Unguja. Jamhuri ya Wete ilishawahi kuwa bingwa, mwaka 2003, lakini vijana wengi wanaocheza ligi leo wakati huo walikuwa bado wananyonya, au hawajazaliwa kabisa.

Jibu utakalopewa haraka ni kwamba Pemba haina uwanja wala watu wa mpira. Hilo limeshapitwa na wakati. Januari 13, 2025 fainali ya Kombe la Mapinduzi ilichezwa Gombani, Zanzibar Heroes ikaifunga Burkina Faso 2-1, na uwanja ulifurika. Uwanja upo, na watu wapo.

Kwa hiyo kinachokosekana ni nini? Kuna klabu moja ya Italia ambayo historia yake inatusaidia kujibu. Hapana, si Juventus wala Milan. Ni Cagliari.

Kisiwa cha "wachunga kondoo"

Cagliari ni mji mkuu wa Sardinia, kisiwa kikubwa magharibi mwa Italia bara. Klabu ilianzishwa 1920, lakini ilisubiri hadi 1964 kupanda Serie A kwa mara ya kwanza. Timu za kaskazini, zenye viwanda na fedha, ziliwaona Wasardinia kama watu wa pembeni. Viwanjani huko waliitwa wachunga kondoo na majambazi. Mpemba aliyewahi kutaniwa kwa lafudhi yake akiwa mjini analijua jambo hili bila kuelezwa.

Mwaka 1963 akaja kijana wa miaka 18 kutoka kaskazini, Gigi Riva. Alikuwa yatima, na kisiwani hakutaka kwenda. Alikuwa anaona anapelekwa mwisho wa dunia. Lakini alipofika, akakaa. Juventus ilimtaka zaidi ya mara moja, akakataa.

Msimu wa 1969/70 Cagliari ilicheza mechi 30, ikafungwa mabao 11 tu na kupoteza mechi mbili. Riva alifunga 21. Aprili 12, 1970 waliifunga Bari 2-0 na ubingwa ukawa wao, zikiwa zimebaki mechi mbili. Kabla ya hapo hakuna timu yoyote kutoka kusini ya Roma iliyowahi kuwa bingwa wa Italia. Miezi michache baadaye wachezaji sita wa Cagliari walikuwa Mexico na timu ya taifa, kwenye Kombe la Dunia.

Nini kilimfanya Riva abaki?

Hapa ndipo penye somo. Ni kweli Riva alikipenda kisiwa. Lakini mapenzi peke yake hayalipi kodi ya nyumba. Miaka ile viwanda vya mafuta na kemikali vilikuwa vinajengwa Sardinia, na sehemu ya fedha za wenye viwanda hao ikaingia kwenye klabu. Nyota akaweza kulipwa, na wenzake wazuri wakaletwa wamzunguke. Kwa maneno mengine, mchezaji bora wa kisiwa alikuwa na sababu ya kutopanda meli.

Sasa rudi Pemba. Mchezaji bora wa Wete ana sababu gani ya kutopanda boti?

Angalia tena ile orodha ya mabingwa. KMKM ni kikosi cha kuzuia magendo. JKU ni Jeshi la Kujenga Uchumi. Mafunzo ni magereza. Zimamoto jina lenyewe linasema. Kijana akisajiliwa huko, mpira unaweza kumfungulia njia ya ajira: mshahara wa kila mwezi, na kazi hata baada ya goti kuharibika. Timu ya uraiani ya Pemba inampa nini? Nauli ya daladala, jezi, na pongezi za mtaani. Usimlaumu kijana, wala mzazi wake. Hata wewe ungepanda boti.

Wapo watakaosema timu za uraiani haziwezi kushindana na vikosi hata zifanye nini. Mlandege inawajibu. Ni klabu ya mtaa, si ya kikosi, na bado ilichukua Kombe la Mapinduzi 2023 na 2024, ikiifunga Singida Big Stars kwenye fainali ya kwanza na Simba kwenye ya pili.

Dawa ya zamani ilishindwa

Tulishajaribu njia ya mkato. Miaka ya nyuma ligi ilichezwa kwa kanda mbili, Unguja na Pemba, kisha timu nne za kila upande zikakutana kwenye Nane Bora. Faida yake ilikuwa wazi: safari zilipungua, na Pemba ilikuwa na nafasi zake za uhakika. Lakini nafasi ya bure haikujenga timu. Januari 2017 Jamhuri ilikutana na Yanga kwenye Kombe la Mapinduzi, ikapigwa 6-0.

Ubingwa si mwisho wa safari

Cagliari yenyewe ina onyo kwa wanaodhani mfadhili mmoja anatosha. Oktoba 1970 Riva alivunjika mguu Vienna akiichezea Italia. Klabu ikatolewa Ulaya na Atlético Madrid msimu huohuo. Mwaka 1976 ikashuka daraja, na baadaye ikafika hadi Serie C. Mwaka 2012 ilifikia kucheza mechi za "nyumbani" Trieste, karibu na mpaka wa Slovenia, kwa sababu ya matatizo ya uwanja.

Kilichoibakiza hai ni watoto wa kisiwani. Nicolò Barella, mzaliwa wa Cagliari, alilelewa pale na 2019 akaenda Inter kwa fedha nyingi. Yaani aliondoka, lakini klabu ikabaki na kitu mkononi. Kwetu kijana anavuka, na klabu ya mtaa iliyomlea tangu yuko shule inabaki inahesabu mipira iliyopasuka.

Pa kuanzia

Tuseme ukweli, Pemba si Sardinia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 hapa. Sardinia ina kama milioni 1.6, na uchumi wake hauwezi kulinganishwa na wetu. Lakini tofauti yetu na Unguja si kubwa kiasi hicho, na Unguja ndiyo tunayoshindana nayo.

Mambo mawili hayahitaji mafuta wala viwanda. La kwanza: kila kijana wa Pemba asajiliwe kwa karatasi tangu akiwa mdogo, ili timu itakayomchukua imlipe aliyemlea. La pili: vikosi hivyohivyo vina kambi na askari Pemba. Kwa nini mchezaji aliyeajiriwa asiruhusiwe kufanya kazi Wete na kuchezea timu ya Wete?

Bingwa wa Zanzibar huenda Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwaka 2023 CAF ilianza kuzipa dola 50,000 hata klabu za raundi ya awali. Kwa klabu ya Pemba, fedha hiyo ingelipa boti za msimu mzima na nyingine ikabaki.

Gombani imeshapata taa na nyasi. Swali lililobaki kwa viongozi wa soka na wa vikosi ni nani atamlipa kijana wa Wete abaki Wete.